Gene Roddenberry, mtu aliyelipeleka neno letu kwenye nyota

 Safari hii swali limetoka Makurunge, huku kwetu Bagamoyo. Kijana mmoja anasema aliangalia filamu ya Kimarekani kwenye kibanda cha video. Ndani yake kulikuwa na chombo kikubwa kinachosafiri baina ya nyota, na mwanamke mweusi anayeitwa Nyota Uhura. Anauliza kama hilo ni jina la Kiswahili, au masikio yake yamemdanganya.

Masikio yake hayakumdanganya. Nyota ni nyota yetu hii tunayoiona usiku juu ya mashamba ya chumvi, na Uhura limetokana na neno uhuru. Filamu aliyoiona ni tawi la mti mkubwa uitwao Star Trek, tamthilia ya televisheni iliyoanza mwaka 1966 na ambayo hadi leo inaendelea kuzaa vipindi vipya. Ili kujua neno letu lilifikaje huko, inabidi turudi kwenye miaka yake ya mwanzo na kumtazama mtu aliyeianzisha, Gene Roddenberry.

Mtoto wa polisi

Jina lake kamili ni Eugene Wesley Roddenberry. Alizaliwa tarehe 19 Agosti 1921 mjini El Paso, katika jimbo la Texas, Marekani. Akiwa bado mdogo familia ilihamia Los Angeles, ambako baba yake alipata kazi ya upolisi.

Kijana Gene alipenda kusoma hadithi za safari za angani, zile zilizochapishwa kwenye majarida ya bei nafuu. Chuoni alisomea mambo ya upolisi kama baba yake, lakini moyo wake ulikuwa kwenye ndege. Akajifunza urubani, na mwaka 1941 akajiunga na jeshi la anga la Marekani.

Vita Kuu ya Pili ilimpeleka kwenye visiwa vya Bahari ya Pasifiki, akirusha ndege kubwa za mabomu aina ya B-17 dhidi ya Wajapani. Aliruka mara nyingi na akapewa nishani. Lakini mwezi Agosti 1943 ndege yake ilishindwa kupaa, ikapitiliza mwisho wa uwanja na kuwaka moto. Wenzake wawili walikufa. Yeye alitoka mzima.

Usiku katika jangwa la Syria

Vita vilipokwisha aliajiriwa na shirika la ndege la Pan American. Mwezi Juni 1947 alikuwa kwenye ndege iliyotoka Karachi kuelekea Istanbul. Siku hiyo hakuwa zamu ya kurusha. Usiku, juu ya Syria, injini moja ilishika moto, na ndege ikaanguka jangwani.

Watu 15 walikufa. Roddenberry alivunjika mbavu mbili, lakini alikuwa miongoni mwa waliowatoa abiria kwenye moto, na kulipokucha akasaidia kupanga namna ya kutafuta msaada. Miaka ya baadaye alipenda kuisimulia ajali ile, na waliochunguza maisha yake wanasema kila alipoisimulia aliitia chumvi. Hata hivyo ajali yenyewe ilitokea kweli, na watu waliokolewa kweli.

Ajali hizi zinatusaidia kuelewa alichokuja kuandika. Mtu aliyewahi kukaa gizani na majeruhi, akisubiri kupambazuke, anajua kwamba hapo hakuna anayeuliza kabila la mwenzake. Kinachotafutwa ni nani ana maji, nani anaweza kutembea na nani anaweza kufunga jeraha. Vipindi vyake vingi vilivyokuja baadaye vina sura hiyo, ya watu wachache ndani ya chombo kimoja, mbali na nyumbani, ambao wasipoaminiana watakufa wote.

Kalamu ndani ya sare

Mwaka 1948 aliacha urubani kwa sababu alitaka kuwa mwandishi. Televisheni ilikuwa changa, naye aliona huko ndiko kutakakokuwa na kazi. Lakini alikuwa na mke na mtoto wa kulisha, hivyo mwaka 1949 akajiunga na polisi wa Los Angeles. Huko alipewa pia kazi ya kumwandikia hotuba mkuu wa polisi wa jiji.

Usiku, akishatoka kazini, aliandika michezo ya televisheni na kuiuza. Mwaka 1956 alivua sare na kuishi kwa kalamu yake. Aliandika hadithi za polisi na za wapanda farasi wa magharibi, kama walivyofanya waandishi wengi wa wakati huo.

Mwaka 1963 alipata tamthilia yake mwenyewe kuhusu maisha ya wanajeshi, iliyoitwa The Lieutenant. Katika kipindi kimoja alitaka kuonyesha ubaguzi wa rangi ndani ya jeshi. Kituo cha televisheni cha NBC kilikataa kukirusha. Ndani ya kipindi hicho aliigiza mwanamke mweusi kijana, Nichelle Nichols. Likumbuke jina hilo.

Hapo Roddenberry alijifunza kwamba jambo ambalo Marekani haikutaka kusikia kuhusu leo, ingekubali kulisikia likisemwa kuhusu miaka 300 ijayo. Wahenga wetu waliifahamu njia hii. Ukitaka kumsema mfalme, simulia habari za sungura na simba.

Chombo cha watu wote

Mwaka 1964 alipeleka wazo la tamthilia ya chombo cha angani kinachozunguka kutafuta walimwengu wengine, chombo ambacho baadaye kiliitwa Enterprise na kuwa na watu zaidi ya 400. Studio iliyokubali kuitengeneza ilikuwa ya Lucille Ball, mwanamke aliyekuwa maarufu kwa vichekesho. Jaribio la kwanza NBC walilikataa, lakini wakafanya jambo lisilo la kawaida, wakaagiza jaribio la pili. Tarehe 8 Septemba 1966 kipindi cha kwanza kilirushwa.

Tuuangalie mwaka huo ulivyokuwa huku kwetu. Tanganyika ilikuwa na miaka karibu mitano ya uhuru, na Azimio la Arusha lilikuwa bado miezi mitano mbele. Televisheni haikuwepo. Bara tuliisubiri hadi mwaka 1994, wakati wenzetu wa Zanzibar walishaipata tangu miaka ya 1970. Habari za dunia tulizipata kwa redio. Hivyo mwaka ule hakuna mtu wa Makurunge aliyejua kwamba lugha yake inasemwa kwenye televisheni ya Marekani.

Ndani ya Enterprise Roddenberry aliweka watu ambao nje ya studio walikuwa wakigombana. Msukani alikuwa wa asili ya Japani, taifa ambalo yeye mwenyewe alipigana nalo. Mwigizaji wake, George Takei, alipokuwa mtoto alifungiwa na wazazi wake kwenye kambi ndani ya Marekani kwa sababu tu ya asili yao. Mwaka 1967 aliongezwa kijana Mrusi, wakati Marekani na Urusi zikitishiana kwa mabomu ya nyuklia. Na kwenye mitambo ya mawasiliano alikaa mwanamke wa Kiafrika.

Neno uhuru linapata kiti

Mwanamke huyo aliigizwa na Nichelle Nichols. Yeye mwenyewe alieleza kwamba siku ya kujaribiwa alikuwa na kitabu mkononi, riwaya ya Robert Ruark iliyohusu Kenya na iliyoitwa Uhuru. Neno hilo lilimvutia Roddenberry. Wakaligeuza mwisho wake ili lisikike kama jina la mwanamke, likawa Uhura. Jina la Nyota liliongezwa miaka mingi baadaye na waandishi wa vitabu, na filamu ya mwaka 2009 ikalithibitisha.

Kiswahili kilikuwa kinatafutwa sana na Wamarekani weusi wakati huo. Desemba ya mwaka huohuo, 1966, ndipo sikukuu yao ya Kwanzaa ilipoadhimishwa kwa mara ya kwanza, siku zake zikipewa majina kama umoja, ujima na imani. Watu ambao babu zao walipokonywa lugha walikuwa wanatafuta lugha ya kushika. Wengi wa babu zao walitoka Afrika Magharibi, lakini Kiswahili walikiona kuwa lugha ya Waafrika wengi, isiyo ya kabila moja.

Sisi wa Bagamoyo tunalielewa hilo kwa namna yetu. Mji wetu ulikuwa mwisho wa njia ya misafara, na watu walipita hapa wakiwa mali ya watu wengine. Neno uhuru halikuwa pambo kwenye pwani hii.

Kiumbe mla chumvi

Kipindi cha kwanza kabisa kurushwa kilihusu kiumbe kinachoishi kwa chumvi. Kinajibadilisha sura, kila mtu akakiona kama mtu anayemtamani, kisha kinanyonya chumvi yote mwilini mwake hadi afe. Wazee wetu wangesema ni jini tu, tena jini aliyekosea njia. Angekuja pwani hii yenye majaruba ya chumvi angeshiba bila kumuua mtu.

Kiumbe hicho kinapomwendea Uhura kinakuja kwa sura ya mwanamume mweusi na kumsemesha kwa Kiswahili, naye anajibu kwa Kiswahili. Kwa hiyo usiku ule wa kwanza wa Star Trek lugha yetu ilisikika. Matamshi yake ni ya mtu aliyejifunza haraka, na mtu wa Makurunge angetabasamu. Lakini maana yake ni nzito. Kiumbe kile kilitafuta kitu kilicho karibu zaidi na moyo wa mwanamke yule, kikaona ni lugha ya kwao.

Mwaka uliofuata, katika kipindi kingine, mashine inafuta kumbukumbu zote za Uhura. Inabidi afundishwe upya kusoma Kiingereza kama mtoto wa darasa la kwanza. Anapokwama na kukasirika anaropoka kwa Kiswahili. Kiingereza kimefutika, lakini lugha ya mama imebaki.

Kiti kile kilikuwa na kazi gani

Tusilisifu jambo hili kupita kiasi. Kazi ya Uhura kwenye chombo ilikuwa kufungua njia za mawasiliano. Wiki nyingi alisema sentensi moja au mbili, tena zilezile. Nichols aliona sehemu zake zikikatwa, na mwisho wa msimu wa kwanza alitaka kuacha kazi arudi jukwaani, maana alikuwa mwimbaji na mcheza dansi.

Yeye alisimulia kwamba wikendi hiyo alikutana na Martin Luther King kwenye hafla. King alimwambia kuwa anaitazama tamthilia hiyo pamoja na familia yake, na akamsihi asiondoke. Hoja yake ilikuwa kwamba kwa mara ya kwanza watoto wa Marekani, weusi na weupe, wanamwona mtu mweusi akiwa na heshima na ujuzi, si mtumishi wa jikoni. Akitoka, kiti kitajazwa na yeyote. Nichols alirudi kazini. King aliuawa Aprili 1968.

Je, Roddenberry alimpa Uhura nafasi au alimpa kiti tu? Tukiwa waaminifu tutasema alimpa kiti, akakitetea, lakini hakukijaza kazi kama alivyowajazia wanaume wa chombo kile. Hata hivyo kiti hicho kilionekana, na tutaona mbele nani walikuja kukikalia.

Kufa na kufufuka

Tamthilia haikupata watazamaji wengi wa kutosha, na NBC walitaka kuifuta baada ya msimu wa pili. Mashabiki wakaandika barua maelfu kwa maelfu, na ikapewa msimu wa tatu. Lakini ilisogezwa hadi saa 4 usiku Ijumaa, wakati vijana wapo matembezini. Tarehe 3 Juni 1969 kipindi cha mwisho kilirushwa. Vyote vilikuwa 79. Mwezi mmoja na nusu baadaye binadamu wa kwanza alikanyaga mwezini.

Kisha likatokea lisilotarajiwa. Vituo vidogo vya miji mbalimbali vilinunua vipindi hivyo vya zamani kwa bei ya chini na kuvirudia jioni baada ya jioni. Watoto wakavipenda kuliko wazazi wao walivyovipenda vilipokuwa vipya. Sisi watu wa redio tunaijua siri hii, maana kipindi kizuri kinaporudiwa kwa saa ifaayo hupata wasikilizaji wapya. Mwaka 1976 chombo cha kwanza cha majaribio cha aina ya shuttle cha Marekani kikaitwa Enterprise kwa sababu ya barua za mashabiki. Mwaka 1979 ikaja filamu, na mwaka 1987 tamthilia mpya.

Mtu mwenye kasoro

Wapo wanaomtaja Roddenberry kama mtume wa amani. Hakuwa hivyo. Katika ndoa yake ya kwanza hakuwa mwaminifu. Alipenda kuchukua sifa za kazi za wenzake, ingawa mengi tunayoyapenda katika tamthilia ile yaliandikwa na watu kama Gene Coon na Dorothy Fontana. Alimwandikia mtunzi wa muziki wa Star Trek, Alexander Courage, mashairi ambayo hayakuwahi kuimbwa kwenye kipindi hata siku moja, na kwa njia hiyo akawa na haki ya kuchukua nusu ya malipo ya muziki huo. Kisheria ilikuwa halali, lakini mwenzake aliumia.

Tunayasema haya kwa sababu kumsimulia marehemu kwa sifa tupu si kumtendea haki, wala si kumtendea haki msikilizaji. Alichora dunia iliyo bora kuliko yeye mwenyewe. Huenda ndiyo maana wengine waliweza kuiendeleza bila yeye.

Waliokuja kukikalia kiti

Mwaka 1977 shirika la anga la Marekani, NASA, lilikuwa linatafuta wanaanga wapya, na wanawake na watu weusi walioomba walikuwa wachache. Likamwajiri Nichelle Nichols azunguke nchi nzima kuwahimiza. Kundi la mwaka 1978 lilikuwa na Sally Ride, ambaye mwaka 1983 alikuwa mwanamke wa kwanza wa Marekani kwenda angani, na Guion Bluford, Mmarekani mweusi wa kwanza, mwaka huohuo.

Kisha akaja Mae Jemison. Akiwa mtoto mjini Chicago alimtazama Uhura. Alisomea udaktari, na akafanya kazi Afrika, Liberia na Sierra Leone. Septemba 1992 alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kufika angani. Mwaka uliofuata aliigiza katika kipindi kimoja cha Star Trek, na hivyo akawa mwanaanga wa kweli wa kwanza kuonekana ndani ya tamthilia hiyo.

Roddenberry hakuiona safari ya Jemison. Alifariki tarehe 24 Oktoba 1991 huko Santa Monica, California, akiwa na miaka 70. Oktoba 1992, mwezi mmoja baada ya safari hiyo, sehemu ya majivu ya mwili wake ilipandishwa angani na chombo cha Columbia na kurudishwa. Mwaka 1997 majivu mengine yalirushwa kwa roketi na kuizunguka dunia.

Uhuru mwingine ulitoka pwani yetu

Kijana wa Makurunge, tunakuongezea jambo moja ambalo hukuuliza. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, satelaiti ilirushwa kutoka kwenye jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini karibu na Malindi, kwenye bahari hiihii tunayoivua. Ilipewa jina la Uhuru, kwa heshima ya siku hiyo na ya wenyeji.

Pwani ilichaguliwa kwa sababu ya ikweta. Dunia inajizungusha, na kwenye ikweta ndiko mwendo wake ulipo mkubwa zaidi, karibu kilomita 1,670 kwa saa. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki kutoka hapo inasukumwa na mwendo huo bure, na mafuta yanaokolewa. Ni sawa na kuruka ukiwa juu ya mkokoteni unaokimbia.

Satelaiti ya Uhuru ilikuwa ya kwanza duniani kutengwa kwa ajili ya kutazama miale ya eksirei inayotoka kwenye nyota. Iligundua vyanzo zaidi ya 300, na ikasaidia kutambua kitu ambacho wanasayansi walikuja kukubali kuwa ni shimo jeusi. Kiongozi wa kazi hiyo, Riccardo Giacconi, alipata tuzo ya Nobel mwaka 2002. Kwa hiyo miaka minne baada ya Uhura wa televisheni kupanda chombo cha kubuni, Uhuru wa kweli ulipaa kutoka pwani ya Waswahili.

Gene Roddenberry hakuwahi kuwa Mswahili, na neno letu alilipata kwa bahati, kwenye kitabu cha mtu mwingine. Lakini alipolipata hakulitupa. Alilipa kiti mbele ya mitambo, na watoto waliolisikia wakakua.

Usiku wa leo, ukitoka nje Makurunge pale ambapo taa za umeme hazijafika, angalia juu. Kama una mtoto karibu yako, mwambie kwamba huko kuna jina la lugha yake. Na kama una swali lingine kuhusu mtu wa zamani aliyegusa maisha yetu kwa karibu au kwa mbali, tutumie. Tutalitafutia jibu.